Soneti Tatu za Mto Naili: Mashindano ya Kirafiki na Suala la Jibu

Tarehe 4 Februari 1818, mjini London, washairi watatu walikutana nyumbani kwa Leigh Hunt wakashindana kutunga soneti. Wenyewe walikuwa Hunt, mwenye nyumba, na wageni wake, John Keats na Percy Bysshe Shelley. Mada ilikuwa moja, Mto Naili; umbo lilikuwa moja; na muda, kama inavyosimuliwa, ulikuwa robo saa. Hapakuwa na zawadi wala hakimu. Aghalabu tukio hili hutajwa kama burudani ya marafiki, kisha likaachwa. Kuliacha hivyo ni kuipoteza nafasi adimu. Si kila siku mhakiki anapopata tungo tatu zilizozaliwa siku moja, kwa mada moja na katika umbo moja, hata tofauti zake zikawa hazina pa kusingiziwa ila kwa mtungaji mwenyewe.

Jambo la kwanza la kuondolewa ni saa. Wapo wanaoamini kwamba thamani ya mashindano kama haya imo katika wepesi wa kutunga. Ushahidi hauwaungi mkono. Tarehe 30 Desemba 1816, Hunt na Keats walikuwa wameshindana vivyo hivyo juu ya mlio wa panzi na nyenje. Charles Cowden Clarke, aliyekuwapo, aliandika baadaye kwamba Keats ndiye aliyetangulia kumaliza, na kwamba Hunt alimsifu mara tu aliposikia mshororo wa kwanza. Hata hivyo, walipokwisha kuagana na mwenyeji wao, Keats alimwambia Clarke kuwa yeye aliipenda zaidi soneti ya Hunt. Katika shindano la Naili, husimuliwa kuwa Hunt ndiye aliyeupita muda. Na bado wengi wamempa yeye ushindi. Basi saa haikuamua kitu. Kilichowawezesha watatu hawa kutunga upesi ni kwamba umbo la soneti lilikuwa limekwisha kukaa vichwani mwao, kama vile vina na mizani vinavyomkaa malenga kabla hajafungua kinywa.

Swali lenye uzito ni jingine: kila mmoja alijua nini kuhusu Naili, na soneti ilimsaidiaje katika lile asilolijua? Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameuona mto huo. Chanzo chake katika ziwa ambalo hupokea maji ya Nzoia, Yala na Nyando kilikuwa bado hakijaingia katika ramani za Ulaya. Speke alifika kwenye ziwa hilo mwaka 1858, miaka 40 baadaye. Kwa hiyo wote watatu walitunga juu ya mto wa vitabuni.

Hunt aliukubali mto huo wa vitabuni bila ya wasiwasi. Naili yake inapita katika Misri ya kale mfano wa fikra nzito ipitayo ndotoni. Wafalme na malkia wa zamani wanatokea na kutoweka, kisha kimya kikuu kinaingia, na msomaji anazinduka kuusikia mto ukipita kati ya vijiji. Ni utungo laini, uliokamilika, wenye taswira zinazofuatana bila ya mgongano. Lakini watu wa vijiji hivyo hawaonekani. Mto umekuwa jazanda ya safari ya binadamu, nao wenyewe umesahauliwa.

Shelley alitaka kuanza na maumbile. Aliitaja mvua ya mabonde ya Uhabeshi, na hapo alisema kweli, kwa kuwa ndiyo hasa iliyokuwa ikileta mafuriko ya Misri. Lakini aliongeza theluji ya Atlas, milima iliyoko kaskazini-magharibi mwa Afrika, ambayo maji yake hayana njia ya kuufikia mto huo. Kutokana na mafuriko hayo akatoa onyo kwamba maarifa humjia mwanadamu yakiwa na heri na shari pamoja. Onyo ni zuri. Kinachosikitisha ni kwamba onyo kuhusu maarifa limejengwa juu ya kosa la maarifa, na utungo wenyewe haukuliona.

Keats alianza vibaya kuliko wenzake. Mishororo minane ya kwanza imejaa mapambo ya wasafiri: Milima ya Mwezi, piramidi, mamba, na shaka kama mto huu una rutuba kweli au unawahadaa tu waliochoka. Lakini soneti ya Kiitalia inamtaka mtungaji ageuze wazo lake baada ya mshororo wa nane, na hapo Keats aligeuka kwa dhati. Anakiri kuwa ni ujinga unaokifanya kila kilicho mbali nao kionekane jangwa. Kisha anaupa mto matete mabichi, visiwa na mapambazuko, sawa na mito ya kwao. Mishororo sita inaisahihisha minane. Kwa sababu hiyo, japo taswira zake hazina ulaini wa zile za Hunt, utungo wa Keats ndio unaostahili kutangulizwa.

Hapa inafaa kuulinganisha ushindani huu na malumbano ya ushairi wa Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu, walioishi zama hizo hizo, hawakuketi bega kwa bega kutunga juu ya mada moja, walitazamana. Aliyejibu alilazimika kuyashika maneno ya mwenziwe, kuyapima na kuyarudisha. Katika baraza la namna hiyo theluji ya Atlas isingepita salama. Katika soneti za Naili hapakuwa na aliyewajibika kumjibu mwingine, na jibu pekee lililopatikana ni lile ambalo umbo lenyewe lilimdai mtungaji ajijibu. Wawili walilitumia daraja hilo kuvukia tu kwenye wazo jingine. Mmoja alilitumia kurudi nyuma na kujihoji.

Somo hili linawahusu wanaowapa wanafunzi wa Kiswahili mazoezi ya kutunga kwa kushindana. Kuwapa mada, umbo na saa hakutoshi. Kutazaa wepesi, na wepesi huyaficha makosa. Pawepo na duru ya pili, ambamo kila mtungaji anamjibu jirani yake kwa vina vile vile. Urafiki hautavunjika kwa hilo. Ushairi uliozoea kujibiwa ndio unaojifunza kujijibu.