Mgeni Bungeni

Msomaji, katika siasa za nchi zetu ni majina machache yatukuzwayo kama jina la mzazi. Jomo Kenyatta aliitwa Baba wa Taifa nchini Kenya, na Julius Nyerere aliitwa vivyo hivyo nchini Tanzania. Kwa sifa hiyo twakiri kwamba malezi na utawala ni ndugu. Basi na tuipime sifa yetu kwa tendo moja.

Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa mjini Nairobi akiwa amempakata mtoto wake wa miezi 5. Alikuwa amepatwa na dharura, naye hakuweza kumwacha nyumbani. Aliamriwa atoke. Kwa mujibu wa kanuni za Bunge, mgeni haruhusiwi ukumbini, na mtoto yule alihesabiwa kuwa mgeni. Baadhi ya wabunge wanawake walitoka pamoja naye.

Wako wasemao kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba heshima ya Bunge haina budi kulindwa. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, maana nyumba isiyo na mlango huingiliwa na kila apitaye. Lakini litazame neno lenyewe. Mgeni ni mtu atokaye nje, ambaye mahali pake si hapo. Aliyemwita mtoto mgeni alidhani kwamba kila mbunge ana mtu wa kumlelea nyumbani. Dhana hiyo humfaa baba kwa desturi. Mama anyonyeshaye haimfai. Kwa hiyo mlango uliomzuia mtoto ulimzuia na mbunge aliyechaguliwa na watu wake. Tena Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, humpa mwanamke nafasi sawa katika siasa. Na Sheria ya Afya ya 2017, iliyopitishwa na Bunge, humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea.

Linganisha na tendo la pili. Majuma mawili baadaye, tarehe 21 Agosti, Trevor Mallard, Spika wa Bunge la New Zealand, alikaa kitini akiongoza mjadala huku akimnywesha mtoto mchanga maziwa kwa chupa. Mzazi wa mtoto yule alikuwa mbunge mwanamume, Tāmati Coffey. Mjadala uliendelea, na heshima ya kiti haikupungua.

Usidhani, msomaji, kwamba nataka kila kiongozi awe mzazi. Angela Merkel hakuzaa, naye aliongoza Ujerumani kwa miaka 16. Kuzaa si sifa ya kutawala, wala si kasoro. Lawama yangu ni hii: tumeufanya ubaba kuwa cheo katika siasa, na umama tumeufanya udhuru. Taifa lipendalo kuitwa familia halina haki ya kumwita mtoto wake mgeni.