Rezista Tatu za Mbwera

"Mwanangu, hiki kidude chenu kinaogopa giza."

Aliyenipokea kwa maneno hayo ni mzee anayetunza mitambo ya umeme wa jua huko Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Hata shikamoo sikuwa nimeimaliza. Akanieleza kwamba mchana kisanduku hufanya kazi vizuri na namba hufika Dar es Salaam kila robo saa. Taa zikiwashwa jioni, kimya. Zikizimwa usiku, namba zinarudi. Sisi tuliokaa mjini tulikuwa tumemaliza wiki tatu tukiulaumu mtandao wa simu. Mzee alikuwa akitazama swichi.

Kazi ya kisanduku chenyewe ni ndogo. Kinazungumza na vifaa vitatu: kidhibiti chaji cha sola, mita ya umeme, na kihisio cha kina cha maji kwenye tangi lililo mita 70 hivi kutoka kwenye betri. Vyote vimeunganishwa kwa waya mbili zilizosokotwa, A na B, zinazopita kifaa hadi kifaa. Waya za namna hiyo, zinazotumiwa na wengi kwa pamoja, mafundi wa elektroniki wanaziita basi, na jina limekaa mahali pake: abiria wote humo humo, na konda mmoja. Konda ni kisanduku chetu. Kinauliza, aliyeulizwa anajibu, wengine wananyamaza. Kiwango cha waya hizo kinaitwa RS-485, kilitolewa mwaka 1983. Lugha inayopita juu yake ni Modbus, iliyobuniwa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya mitambo ya viwandani. Ni vitu vya kizee, lakini ukifungua vidhibiti vingi vya sola vya leo utavikuta.

Kati ya waya hizo na ubongo wa kisanduku anakaa bawabu, chipu yenye miguu minane iitwayo MAX485. Ubongo unasema kwa volti 0 na volti 5 kwenye waya mmoja. Bawabu anageuza maneno hayo kuwa tofauti kati ya A na B, ili kelele inayozipiga waya zote mbili kwa pamoja isisikike. Upande wa kupokea, sheria yake iko wazi. A ikiizidi B kwa milivolti 200, hiyo ni moja. Ikipungua chini ya B kwa milivolti 200, ni sifuri. Katikati ya hapo, chipu haikuahidi kitu. Inaweza kusema moja, inaweza kusema sifuri, inaweza kubadili kauli mara mia ndani ya sekunde. Ugonjwa wetu ulikuwa umelala hapo katikati.

Nilifungua kisanduku juu ya meza ya mzee. Toleo lile la kwanza, nakiri, hatukulibuni kwa maana halisi. Tulichukua vile vibao vidogo vya buluu vinavyouzwa Kariakoo kwa shilingi elfu chache, kila kimoja na MAX485 yake na skrubu za kufungia A na B, tukaviunganisha kwa waya. Kimoja kwenye kisanduku, kimoja kwenye mita, kimoja kwenye tangi. Kidhibiti cha sola kina chipu yake ndani. Mezani mjini, kwa waya wa mita moja, kila kitu kilijibu.

Sasa kitazame kibao chenyewe kwa karibu. Pembeni mwa skrubu kuna rezista ndogo kama punje ya ufuta, imeandikwa 121. Namba hizo husomwa hivi: 12, kisha sifuri moja. Omu 120. Imewekwa kati ya A na B. Mtengenezaji aliiweka kwa nia njema, maana vitabu vyote vya RS-485 vinasema kila ncha ya waya iwe na omu 120 ili mawimbi yakifika mwisho yasidunde na kurudi. Lakini vitabu vinasema ncha, na waya una ncha mbili tu. Sisi tulikuwa na vibao vitatu, kwa hiyo rezista tatu sambamba, omu 40. Chipu hii mtengenezaji wake anaidhamini kwa mzigo wa omu 54. Tulikuwa tumeipakia kama mtumbwi wa siku ya mnada.

Mzigo peke yake usingetunyamazisha, kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Kilichotumaliza ni rezista nyingine mbili kwenye kibao hicho hicho, zilizoandikwa 203, yaani omu 20,000. Moja inaivuta A juu kuelekea volti 5, nyingine inaivuta B chini. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba pale ambapo hakuna anayezungumza, waya unasomeka kuwa moja, maana kwenye mazungumzo haya kimya ni moja, na kila herufi huanza kwa kushuka kwenda sifuri. Haya, tupige hesabu. Vibao vitatu sambamba vinageuza omu 20,000 kuwa kama 6,670 juu na 6,670 chini, na katikati zile omu 40. Volti 5 ikigawanywa humo, kinachobaki kati ya A na B ni milivolti 15. Chipu inataka 200. Niliweka multimita: 14 na ushei.

Kwa hiyo kila mara waya ulipokuwa kimya, wasikilizaji wote walikuwa kwenye ile nchi isiyo na ahadi. Mchana hakukuwa na wa kuwasumbua. Jioni taa zikiwashwa, inveta inaanza kukatakata umeme wa betri maelfu ya mara kwa sekunde kutengeneza volti 230, na sisi tulikuwa tumeifunga kebo ya data na kebo ya inveta pamoja kwa mkanda mmoja, kwa unadhifu. Kelele kidogo inayopenya inatosha kuzisogeza milivolti 15 upande wa pili. Chipu inaona kushuka, inadhani herufi imeanza, inaupa ubongo takataka. Jibu la kweli la kidhibiti linapofika, kwa mfano 01 04 02 05 04 na baiti mbili za uhakiki (05 na 04 zikisomwa pamoja ni 1284, yaani volti 12.84), linakuta foleni imekwisha kuchafuliwa mbele yake. Hesabu ya uhakiki inakataa, programu inatupa ujumbe wote. Kwa mtu wa Dar es Salaam, huko ni kunyamaza. Mzee aliona sawa kabisa, ila tu kidude kiliogopa inveta, si giza.

Dawa ilichukua dakika ishirini. Nilichomeka pasi ya lehemu ya volti 12 kwenye betri, nikang'oa zile 121 tatu, na sikuzirudisha hata mbili za kwenye ncha. Hapa najua wapo mafundi watakaonikunjia uso. Lakini tuiulize fizikia kabla ya kitabu. Wimbi kwenye kebo kama hii huchukua takriban nanosekunde 5 kwa mita. Kwenda na kurudi mita 70 ni mikrosekunde 0.7. Kwa kasi yetu ya biti 9,600 kwa sekunde, biti moja hudumu mikrosekunde 104. Mwangwi unakuwa umeshakufa na kuzikwa kabla msikilizaji hajatazama katikati ya biti. Omu 120 ni za lazima kwenye waya mrefu au wa kasi kubwa. Kwenye waya mfupi na wa polepole zinakula nguvu tu. Baada ya kuzing'oa, multimita ilisoma zaidi ya volti 1 kwenye kimya. Mzee akawasha taa zote, kisha akawasha na redio. Namba zikaendelea kupita.

Ningeweza kuishia hapo na kurudi mjini nikiwa shujaa. Tatizo ni nauli. Safari ile tulipitia Nyamisati kwa boti, na boti katika delta haifuati ratiba ya mhandisi. Inafuata kupwa na kujaa. Ukikosea maji unalala. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha huku huku Rufiji, upande wa Salale, mitambo yake ikiwa mibovu, na sehemu zake zikabebwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Ilizamishwa Julai 1915. Mimi sikubeba bomba la boila, nilibeba pasi ya lehemu, lakini hesabu ni ile ile: chochote kinachoharibika delta kina gharama ya kifaa na gharama ya njia, na ya njia ndiyo kubwa. Bodi ya pili ilibidi ibuniwe kwa kuanzia kwenye swali hilo.

Na kinachoharibika ni nini? Kwenye visanduku vyote nilivyowahi kufungua pwani, ubongo huwa mzima. Anayekufa ni bawabu, kwa sababu waya wake unatoka nje, unapita chini ya mkoko na juu ya paa, unakutana na radi na chumvi. Basi tukageuza matumizi. Kwenye bodi ya kwanza fedha zetu ziliishia kwenye ubongo na moduli ya simu. Safari hii mlango ndio uliobuniwa kwanza.

Badala ya MAX485 tumeweka MAX3082. Miguu ni ile ile na mpangilio ni ule ule, lakini mpaka wake wa kusikia umesogezwa: chochote kilicho juu ya milivolti 50 chini ya sifuri ni moja. Kimya cha sifuri kamili, kwake, ni moja. Hahitaji kuvutwa na rezista ili ajue kwamba hakuna anayesema. Tungeweza pia kuweka omu 680 juu na 680 chini pamoja na zile 120 mbili za kwenye ncha. Hesabu inatoa milivolti 211, juu ya mpaka kwa unywele. Lakini njia hiyo inakunywa miliampea 3.5 usiku na mchana, na betri ya tangi ni ndogo. Faida nyingine ya 3082 ni kwamba inapanda na kushuka taratibu, mwisho wake biti 115,000 kwa sekunde, kwa hiyo haipigi kelele za bure kwenye waya. Kwa kazi ya 9,600, chipu ya kasi ni hasara.

Mguu unaofungua mdomo wa chipu, DE, ulitupotezea siku mbili mjini, na hapa fedheha ni yangu. Kwenye vile vibao vya buluu mguu huo umevutwa juu, kwa hiyo kisanduku kikiwa bado kinaamka, kabla programu haijashika usukani, chipu yake inalishikilia basi na hakuna mwingine anayeweza kusema. Tumeuvuta chini kwa omu 10,000. Kosa la pili lilikuwa la programu. Nilifunga mdomo mara tu ubongo uliposema foleni ya kutuma ni tupu. Foleni tupu maana yake baiti ya mwisho ndiyo kwanza imeingia kwenye kitoleo; bado milisekunde moja kamili ya kuitamka. Swali la baiti nane likawa linatoka saba na kipande. Na kifaa cha Modbus kikipokea swali lenye uhakiki mbovu hakilalamiki, kinanyamaza tu, kama mkwe aliyeudhika. Nilibadilisha kebo mara tatu kabla ya kuisoma upya karatasi ya maelezo ya ubongo na kuona kwamba kuna alama mbili tofauti, ya foleni tupu na ya kutuma kumekwisha.

Mpangilio juu ya bodi ni kama wa nyumba ya pwani: baraza kwanza, ndipo ukumbi. Skrubu za A na B ziko ukingoni. Nyuma yake mara moja iko SM712, kinga iliyotengenezwa mahsusi kwa RS-485, inayokatia volti 12 juu na 7 chini kwa sababu hiyo ndiyo mipaka ambayo bawabu anavumilia. Ardhi ya kinga inashuka kwa njia pana na fupi, bila kupita chini ya ubongo. Kisha rezista ndogo za omu 10 kila upande, kisha chipu, na kapasita yake ya nanofaradi 100 ikiwa imeigusa karibu. Mwenzangu alitaka chipu yenye kizuizi cha umeme kamili kati ya ndani na nje. Ana hoja, hasa kwenye tangi, lakini bei inapanda mara kadhaa na inadai chanzo cha pili cha umeme. Tumeiacha kwa sasa, na radi moja inaweza kunifanya nijute.

Tulichobishania zaidi ni soketi. Mimi nilitaka chipu ya umbo la zamani, ya miguu mirefu, ichomekwe kwenye soketi ili mzee aweze kuing'oa kwa bisibisi na kuchomeka nyingine, bila boti wala fundi. Mwenzangu akasema soketi ni mdomo wazi kwa chumvi. Miguu itashika kutu na tutatengeneza ugonjwa mpya ili kutibu wa zamani. Yote mawili ni kweli. Tulichofanya ni kupaka bodi nzima vanishi isipokuwa soketi, na soketi kuijaza grisi ya silikoni.

Bodi tatu zimefungwa Mbwera. Mzee ana chipu nne za akiba kwenye kopo la dawa lenye mchele kidogo ndani wa kunyonya unyevu, wazo lake si langu. Nilimwonyesha alama ya kichwa cha chipu na upande inaokaa. Akaichomoa na kuirudisha mara mbili huku akinitazama, kisha akauliza kama grisi ile inauzwa Kibiti, maana tyubu niliyomwachia haitavuka bamvua la mwezi ujao, mjukuu wake ameshaanza kuipaka kwenye mnyororo wa baiskeli.