Istilahi ya Wasiosikiwa: Uhakiki wa Fikra za Gayatri Chakravorty Spivak

Miongoni mwa maneno yanayomtatiza mfasiri wa vitabu vya falsafa na siasa ni neno la Kiingereza ambalo, kwa kufuata matamshi yetu, tutaliandika hapa sabaltani. Neno hili limepata umashuhuri mkubwa kutokana na maandishi ya Profesa Gayatri Chakravorty Spivak, mwanafalsafa wa Kihindi mtetezi wa haki za wanawake na mhakiki wa urithi wa ukoloni. Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza fikra zake kwa jicho la mtu wa istilahi, kisha tupime ni neno gani la Kiswahili lifaalo kuichukua dhana hiyo.

Profesa Spivak alizaliwa mwaka 1942 mjini Calcutta, mji ambao sasa huitwa Kolkata. Alihitimu katika Chuo cha Presidency mjini humo mwaka 1959, kisha akaenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Cornell. Jina lake lilivuma mwaka 1976, alipotoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Jacques Derrida, mwanafalsafa wa Ufaransa, pamoja na dibaji ndefu aliyoiandika mwenyewe. Tangu mwaka 1991 amekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alipewa Tuzo ya Kyoto mwaka 2012 na Tuzo ya Holberg mwaka 2025.

Neno sabaltani halikuanza naye. Katika jeshi la Kiingereza lilikuwa jina la afisa mwenye cheo kilicho chini ya kapteni. Antonio Gramsci wa Italia, alipokuwa kifungoni katika utawala wa Mussolini, alilitumia neno la asili hiyo hiyo kwa matabaka yaliyo chini ya mamlaka ya wengine. Kuanzia mwaka 1982 kundi la wanahistoria lililoongozwa na Ranajit Guha lililichukua katika kuandika upya historia ya wakulima wa India. Spivak aliwaunga mkono, ila aliwauliza swali zito: ikiwa nyaraka zote ziliandikwa na watawala na wakubwa wa jamii, je, kauli ya mwanamke maskini itapatikana katika waraka upi? Swali hilo ndilo kiini cha insha yake mashuhuri iliyochapishwa mwaka 1988, inayouliza kama sabaltani aweza kusema.

Mfano mmoja wa insha hiyo wawahusu hasa watu wa istilahi. Mwaka 1829 serikali ya Kiingereza katika Bengali ilipiga marufuku desturi ya mjane kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe. Waingereza waliiita desturi hiyo sati. Lakini katika Kisanskriti sati si jina la tendo, bali ni jina la mtu, yaani mke mwema. Spivak aonyesha kwamba kwa kosa hilo wema wa mke na kuungua kwake vilifungwa katika neno moja. Yeye haitetei desturi hiyo hata kidogo. Hoja yake ni kwamba serikali ilidai inamwokoa mwanamke, na watetezi wa mila wakadai kuwa mwanamke mwenyewe alitaka kufa; na katika madai hayo yote mawili kauli ya mjane haimo.

Mfano wa pili ni wa Bhubaneswari Bhaduri, msichana aliyejinyonga Calcutta mwaka 1926. Alikuwa mwanachama wa kundi la siri lililopigania uhuru kwa silaha, naye alikuwa amekabidhiwa kazi ya kuua ambayo hakuweza kuitekeleza. Alijua kwamba watu watasema amejiua kwa sababu ya mimba ya haramu. Kwa hiyo alingoja mpaka siku zake za hedhi, ili mwili wake uwe ushahidi. Hata hivyo, miaka mingi baadaye jamaa zake waliendelea kukieleza kifo hicho kuwa ni habari ya mapenzi. Msichana alisema kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na hakusikiwa. Kwa uchungu wa jambo hilo Spivak aliandika kwamba sabaltani hawezi kusema. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 alikiri kwamba kauli hiyo haikuwa ya busara.

Wapo waliomlaumu, mmojawapo Terry Eagleton wa Uingereza mwaka 1999, kwa ugumu wa maandishi yake. Lawama hiyo ina haki yake, kwani ni vigumu kukubali kwamba habari za mtu asiyesikiwa ziandikwe kwa lugha inayowashinda hata wasomi. Lakini haifai kusahau kazi zake nyingine. Kwa miaka mingi amewafunza walimu wa shule za vijiji maskini katika Bengali ya Magharibi. Aidha, amezifasiri hadithi za Mahasweta Devi kutoka Kibengali, na katika mkusanyo wa mwaka 1995 aliyapiga chapa ya mlazo maneno yote yaliyokuwa ya Kiingereza katika matini asilia, ili msomaji aone mahali lugha ya mtawala ilipoingia katika kinywa cha mtawaliwa.

Sasa tuligeukie neno letu. Wengine watapendekeza mnyonge. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu, lakini aweza kupeleka shauri barazani na likasikilizwa. Wengine watapendekeza kabwela au mvujajasho. Maneno haya ni mazuri katika siasa, ila Spivak mwenyewe amekataa neno lake litumiwe kwa kila anayeonewa: mfanyakazi mwenye chama cha kumtetea anaonewa, lakini anayo njia ya kufikisha neno lake. Tazama pia methali isemayo, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Wanaoambiwa ni wenye nguvu, mnyonge anatajwa tu, wala hasemeshwi. Hali hiyo ya kutajwa bila kusemeshwa ndiyo dhana tuitafutayo.

Twapendekeza asiyesikiwa, na katika wingi wasiosikiwa, kwa mfano wa wasiojiweza, neno lililokwisha kuzoeleka. Hatukuchagua asiyesikika, kwa kuwa kiambishi -ik- chaweza kudhaniwa kwamba kasoro imo katika sauti ya msemaji. Wala hatukuchagua asiyesikilizwa, kwani hilo lahusu nia ya msikilizaji, na Spivak afundisha kwamba hata mwenye nia njema aweza kukosa kusikia. Kiambishi -w- katika asiyesikiwa chatukumbusha kwamba palikuwa na mtu wa kusikia, na neno halikumfikia. Vivyo hivyo, kitenzi kusema katika swali la insha ile hakitoshi. Kiswahili kinacho kusemezana, kitendo kinachodai watu wawili, nacho ndicho kilichokosekana kati ya Bhubaneswari na jamaa zake.

Jambo hili latuhusu sisi tunaounda istilahi kuliko tunavyodhani. Mkunga wa kijijini, mvuvi na mfinyanzi wanayo majina ya vitu vya kazi zao. Tukiketi ofisini tukaunda istilahi za ukunga bila kumwuliza mkunga, kisha tukazichapa katika kitabu cha shule, mtoto wake atafundishwa kwamba maneno ya mama yake si Kiswahili. Mama huyo atakuwa amesema maisha yake yote, na sisi tutakuwa tumemfanya asiyesikiwa. Kwa hiyo twaona yafaa kila orodha ya istilahi za kazi ipelekwe kwanza kwa wenye kazi hiyo, na majina yao yaandikwe kando ya yale yanayopendekezwa, kabla ya jambo lolote kuamuliwa.