Pongezi kwa Akina Mama wa Igogo
Chuo cha Biblia kinatufundisha Kigiriki, historia ya kanisa na namna ya kuandaa mahubiri. Huruma nimeisomea kwa akina mama wa kanisa huku Igogo, Mwanza, na pongezi hizi ni zao. Nyumba zimepandana juu ya mawe. Gari halifiki, bodaboda nayo huishia njiani. Wao hupanda kumtembelea mgonjwa wakiwa na ndoo ya maji kichwani, uji kwenye chupa ya chai. Kwanza wanafua shuka zake, wanamgeuza ubavu, ndipo wanaomba, tena kwa kifupi. (Sisi wanachuo tungeanza na mahubiri.) Akizidiwa, wanambeba hadi barabarani apelekwe Bugando, hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Dhehebu lake hawamuulizi. Nauli wameshachangishana tangu Jumapili.