Kosa la kuzima tone dogo

Bango la mafuta ya ngozi lililotundikwa mlangoni mwa duka moja la vipodozi Kariakoo limeshapitiwa na karibu kila fundi wa flex wa maeneo yale, na waliolisogelea wamejionea. Picha ilipigwa vizuri, pindo limechomwa sawasawa, ringi zimenyooka na nyekundu ya pembeni haina mistari. Uso ndio ulioharibika. Shavu na taya vimeshikana kuwa bonge moja la kahawia, na kwenye paji, palipotakiwa mng'ao, kumetapakaa vidoa vyeusi kama pilipili manga juu ya yai. Mashine haikuwa mbovu. Mtu aliamua vibaya.

Ilikuwa hivi. Sampuli ya kwanza ilitoka imepauka kwenye vivuli, mteja akalalamika. Fundi akaingia kwenye ripu, programu inayoiendesha mashine, akazima matone ya ukubwa tofauti, akaifunga mashine kwenye tone kubwa peke yake, kisha akapandisha kikomo cha wino kutoka asilimia 220 hadi 300. Kalibresheni hakuigusa. Pasi, yaani mara kichwa kinapopita juu ya eneo lilelile, akaziacha 4 zilezile. Akachapa.

Kila hatua hapo ni kosa, lakini ya kwanza ndiyo mama wa nyingine zote. Kichwa cha mashine ile kinatoa matone ya ngazi tatu: pikolita 7, 14 na 21. Tone la pikolita 21 likiwa hewani lina kipenyo cha takriban maikromita 34, na likitua kwenye flex hutandaa, mara nyingi hadi maradufu. Sasa pigeni hesabu. Kwa dpi 720, yaani nukta 720 kwa inchi, nafasi ya kila nukta ni maikromita 35 tu. Nukta yenye upana wa maikromita 68 inafunika eneo linalokaribia mara tatu ya nafasi iliyopewa. Mahali ripu ilipoagiza asilimia 40, matone yakitawanyika bila mpangilio, kitambaa kinaishia kufunikwa karibu asilimia 70. Kalibresheni iliyokuwamo ilijengwa kwa matone mchanganyiko, kwa hiyo haikuwa na namna yoyote ya kujua kwamba nukta sasa zinavimba kiasi hicho.

Ngozi nyeusi ya Kiafrika inakaa hapohapo nukta zinapozibana. Majenta na manjano ziko juu, sayani iko katikati, nyeusi inaingia kidogo kidogo, na umbo lote la uso, yaani mfupa wa shavu, kona ya pua, kivuli chini ya mdomo, linabebwa na tofauti ndogo ndogo za sehemu ya kati kuelekea nzito. Asilimia 55 na asilimia 65 zikishatua zote kama kitu kimoja, shavu halipo tena. Na hili linamgusa kila anayechapa nyuso za watu wetu, kuanzia kadi ya harusi hadi bango la mgombea.

Halafu kikomo cha wino. Mita moja ya mraba kwa dpi 720 kwa 720 ina nafasi za nukta zaidi ya milioni 800. Zijazwe zote kwa tone la pikolita 21, rangi moja inakula karibu mililita 17. Kwa asilimia 220 mita hiyo inabeba mililita 37. Kwa asilimia 300 inabeba karibu 51. Flex hainywi wino. Kazi yote ya kukausha inaachiwa hita na hewa, na kwa pasi 4 tone la pili linafika kabla la kwanza halijashika. Matone mawili matatu yakigusana yakiwa mabichi huvutana na kuwa doa moja. Vidoa vya kwenye paji vimetokana na hilo, vikichangiwa na profaili iliyoanzisha nyeusi mapema mno. Profaili nyingi zinazokuja na mashine zimepangwa hivyo ili kuokoa wino wa rangi. Nyeusi inashika nafasi ya mchanganyiko wa rangi tatu, wino unaokolewa kweli, na ngozi inageuka majivu.

Kupauka kwa vivuli kulikuwa na dawa, tena ya kawaida. Acha matone yote matatu yafanye kazi. Chapa ngazi za kila rangi peke yake, tazama mahali ambapo kuongeza wino hakuongezi tena uzito wa rangi, weka kikomo hapo. Pima upya kalibresheni. Icheleweshe nyeusi isianze kabla ya vivuli. Panda kutoka pasi 4 hadi 6. Kwa bango la mita 3 kwa 2 hiyo ni nyongeza ya dakika kadhaa tu za mashine.

Watetezi wa fundi watasema tone kubwa ndilo la mabango, na vichwa vya pikolita 30 vyenye tone la aina moja vimelisha familia nyingi. Ni kweli, kwa bango linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Hili liko mlangoni. Mteja analitazama akiwa umbali wa mkono, akisubiri chenji.

Hapa safu hii inarudi kwenye ugomvi wake wa zamani na wauzaji wa dpi. Boksi likiandikwa 1440, mnunuzi anaamini amenunua ulaini. Dpi inaeleza mahali tone linapoweza kutua. Haisemi litatua na uzito gani. Chukua mraba wa nukta 4 kwa 4. Kwa tone la aina moja unapata ngazi 17 za rangi, ukihesabu na nyeupe. Kwa matone ya 7, 14 na 21 unapata 49, kwenye mraba uleule na kwa dpi ileile. Aliyezima tone dogo Kariakoo alitupa ngazi 32 kwa kubonyeza mara moja.

Tazama mashine ya zamani ya Iris: ilikuwa na dpi 300 tu. Ilitumia mtiririko wa matone usiokatika, mbinu iliyotoka kwa Carl Hellmuth Hertz wa Lund, Uswidi, yuleyule aliyeshirikiana na daktari Inge Edler mwaka 1953 kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Matone yasiyohitajika yalichajiwa umeme na kukwepeshwa pembeni. Nukta moja ingeweza kupewa tone moja, au kumi, au hadi 30 hivi. Ukubwa wa nukta ukawa chombo mkononi mwa mchapaji. Mwanamuziki Graham Nash alilipa dola 126,000 kwa Iris 3047, mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya sampuli za viwanda vya uchapaji, na mwaka 1991 akafungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California, kuchapa picha za sanaa. Mashine hiyo sasa iko Smithsonian. Ilikuwa ya polepole na ya gharama, lakini hadi leo ni mashine chache za mabango zinazougeuza mwanga juu ya shavu kwa upole ule.

Epson nao waliwahi kuliheshimu jambo hili la uzito wa nukta. Stylus Photo ya 1997 ilileta sayani hafifu na majenta hafifu, na sehemu zenye mwanga zikaacha kuwa na chembe. Kisha mwaka 2004 ikaja R800: tone la pikolita 1.5, wino hafifu ukaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na nyekundu na bluu. Hoja ikawa kwamba tone likiwa dogo vile, wino hafifu hauna kazi. Nyekundu ilipendeza kweli. Lakini L800 na L1800, hizi zilizojaa kwenye studio za picha za pasipoti, zina tone lilelile la 1.5 pamoja na wino hafifu wa aina zote mbili, na ukiweka uso mmoja kwenye mashine zote hizo utaona kwa nini studio hazikuuacha.

Mafundi wanaopandisha volti ya kichwa ili rangi ikolee nao wanastahili kuambiwa. Volti ikipanda, tone linakua na linakwenda kasi, na nyuma yake yanazaliwa matone madogo ya pembeni yanayochafua kingo za herufi. Joto la mchana wa Dar linaulainisha wino na kulikuza tone hata kabla fundi hajagusa kitu. Kalibresheni ya saa mbili asubuhi si ya saa nane mchana kama chumba hakina kiyoyozi.

Bango la pili la kazi hii, la tawi la mkoani, bado halijachapwa. Mpangilio umehifadhiwa kwenye ripu kwa jina la mteja: tone kubwa, asilimia 300, pasi 4. Atakayekuwa zamu ataufungua kwa jina hilo na kuchapa bila kuuliza. Ufutwe leo, na la Kariakoo lishushwe lichapwe upya kwa gharama ya kiwanda.