Pale Kwenye Mizani ya Nane

Shairi la arudhi halipimwi kwa macho. Lighani, hata kwa sauti ya chini, vidole vikihesabu. Utenzi hukupa mizani 8, yaani silabi 8, kwa kila kipande. Tarbia ya kawaida ina mishororo 4 ya mizani 16, kila mmoja umekatwa katikati: ukwapi upande huu, utao upande ule. Kumbuka kuwa "mtoto" ana mizani 3, maana ile m inasimama peke yake, ilhali "mwana" ana 2 tu. Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria hizi mwaka 1954, na mwenye subira hazimshindi.

Lakini kutimiza hesabu ni kubisha hodi tu. Mimi huitegea sikio ile mizani ya nane, pale sauti inapotua. Je, wazo nalo limetua, au neno limesukumwa hapo ili kina, ile silabi inayolandana, kipatikane? Mtunzi aliyeishiwa utamjua kwa viraka vyake: "kwa hakika", "ninasema", mizani 4 kila kimoja, vibandue uone kama maana itapungua. Tazama pia kina chenyewe. Kina cha "wa" hupatikana kwa urahisi, kwani karibu kila kitenzi cha kutendwa huishia hapo. Anayekishika ubeti baada ya ubeti hajatoka jasho. Inkisari, kule kufupisha neno, nayo ina mahali pake. "Nendapo" badala ya "niendapo" huokoa mizani moja na kuharakisha hatua, jambo zuri mno katika shairi la msafiri. Ikirundikwa kila mshororo, ni uhaba wa maneno.

Kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, ndicho kinachonipa raha kuliko vyote. Maneno ni yale yale, lakini katika ubeti wa tano yanapaswa kuwa mazito kuliko yalivyokuwa katika ule wa kwanza.

Na toni? Usiitafute kwenye maneno ya huzuni pekee. Soma diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972. Vina havitetereki, mizani haipindi, na kwa sababu hiyo hasa unaisikia hasira ikigonga kuta za ubeti. Euphrase Kezilahabi, kwa upande wake, aliviacha vina katika diwani ya Kichomi, mwaka 1974. Hata kwake nauliza lile lile: kwa nini pumzi imekatwa hapa, si neno moja mbele?