Betri Kuchomolewa Hakutoshi

Fundi anayejiandaa kuchomelea chasisi ya lori la kisasa kwa kawaida huanza kwa kuchomoa waya wa betri, na wengi huishia hapo. Hatua hiyo ni sahihi, ila tumeibebesha kazi isiyoiweza. Kinachoamua zaidi kama kontroli boksi ya injini au ya breki itapona ni mahali kinapobanwa kibano cha athi cha mashine ya kuchomelea. Umeme ukishapita kwenye fimbo ya kuchomelea na kuingia kwenye chuma haupotelei humo. Ni lazima urudi kwenye mashine, na hurudi kwa kila njia inayopitisha umeme, iwe nene kama chasisi au nyembamba kama waya wa athi wa sensa. Njia ya kurudi ikiwa ndefu na yenye vikwazo, sehemu inayopitia nyaya nyembamba huongezeka.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme mashine inatoa ampea 150, kazi iko nyuma karibu na taa za breki, na kibano kimebanwa kwenye bampa ya mbele. Katikati kuna boliti, rangi na kutu, jumla ya ukinzani wa omu 0.02 tu. Hapo zinazuka volti 3 kati ya pande mbili za chuma ambacho vifaa vyote vya gari vinakihesabu kuwa sifuri. Ukinzani ukifika omu 0.1, volti ni 15. Nyaya za CAN, ambazo kontroli boksi huwasiliana kupitia kwazo, hutumia tofauti ya takriban volti 2 kubeba ujumbe. Kweli, vifaa hivyo hutengenezwa kustahimili zaidi ya hapo, lakini cheche inapowaka na kukatika, volti haitulii, huruka. Kuchomoa betri hakupunguzi hata chembe ya hesabu hii, kwa sababu boksi zote bado zimeungana kwa nyaya zao na kwa chasisi.

Mafundi wakongwe watajibu kwamba wamechomelea malori miaka na miaka bila kuunguza kitu. Hawasemi uongo. Lori lenye pampu ya dizeli isiyo na elektroniki halikuwa na kikubwa cha kuungua zaidi ya dayodi za alteneta. Lakini lori aina ya Actros, kwa mfano, lilipotoka mwaka 1996 tayari injini na breki zake zilisimamiwa na kompyuta zinazowasiliana. Isitoshe, kifaa kilichojeruhiwa si lazima kife siku hiyo. Huweza kufa baadaye, lawama zikaangukia dizeli au dereva.

Wapo pia wanaoshauri betri iachwe ikiwa imeungwa ili imeze volti zinazoruka. Betri hutuliza volti kati ya vichwa vyake viwili, basi. Haina uwezo juu ya tofauti kati ya nyuma na mbele ya chasisi, na gesi inayotoka kwake haipatani na cheche. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba kuchomoa plagi za kontroli boksi huleta vumbi na pini zilizopinda. Nakubali, ndiyo maana plagi za kuchomoa kwanza ni za boksi iliyo karibu na kazi, ya alteneta na za tela, isipokuwa kitabu cha gari kikiagiza zaidi. Swichi kuu ya betri nayo isiaminiwe, maana katika baadhi ya malori huacha vifaa kama takografu vikiwa na umeme.

Kibano kikae kwenye kipande kilekile kinachochomelewa, sentimita chache kutoka kwenye kazi, juu ya chuma kilichokwanguliwa hadi king'ae. Kati yake na fimbo kusiwe na bawaba wala beringi, kwani umeme huchimba vishimo kwenye njia ya gololi na beringi huanza kulia baada ya gari kurudi barabarani. Springi zisiguswe kabisa. Alama ndogo ya cheche yatosha kuanzisha ufa. Mwenye lori anayesimamia kazi, kabla hajauliza kama betri imechomolewa, aulize kwanza kibano kimebanwa wapi.